Nilikuwa Mkalimani Mbaya wa Bibi Yangu

Bibi yangu ana miaka 76. Amezaliwa hapahapa Bombo, Uganda, lakini Kiganda chake ni cha salamu na bei ya nyanya. Nyumbani kwetu ni Kinubi, lugha yetu Wanubi, na kwa wageni Kiswahili. Kituo cha afya kina Kiganda na Kiingereza. Ukiwaanza kwa Kiswahili wengine wanakutazama kama umekuja na bunduki, maana Uganda hii lugha ilikaa sana midomoni mwa askari. Nesi mmoja alimuuliza ametoka Sudan lini. Mababu zetu, askari wa Kisudani, walichukuliwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, mwaka 1891, na Katiba ya 1995 inatutaja miongoni mwa makabila ya nchi hii. Bibi alicheka tu.

Alipopimwa mara ya kwanza aliambiwa ana "sukaali". Kwa Kiganda hiyo ni sukari ya chai, na ni ugonjwa pia. Bibi akaacha kutia sukari kwenye chai, akajihesabu amepona. Tende na soda za harusini ziliendelea, na vidonge akameza siku anayojisikia vibaya.

Ndipo nikajitia mkalimani, na hapo mambo yakaharibika zaidi. Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Akataka kujua bibi anaamka mara ngapi usiku kukojoa, na kama anawashwa sehemu za siri. Ningeanzaje? Nikamuuliza, "Bibi, unalala vizuri?" Akajibu, "Alhamdulillahi." Nikamgeukia daktari: anasema hana shida. Tulikwenda hivyo miezi minne. Kumuona daktari hapo ni bure tangu 2001, nami niliupoteza huo ubure kwa haya zangu.

Mkesha wa Idi nilikaa kibarazani kumpaka hina. Nyayo zake zilikuwa bado nyeusi kwa hina ya zamani. Nikashika kisigino cha kushoto, kidole kikateleza kwenye unyevu. Kilikuwa kidonda, upana wa sarafu ya shilingi mia, na weusi wa hina ulikuwa umekifunika. Yeye hakushtuka hata kidogo, maana hakisikii. Sukari ikikaa juu muda mrefu huua fahamu za miguu, mtu akakanyaga msumari asijue. Nikamuuliza mbona daktari hajawahi kuiona miguu. "Aliniambia nipandishe gurbaba mbele ya watu wa benchi," akasema, yaani nguo yake ya kujifunga. "Nikamwambia miguu mizima."

Baada ya Idi nilimwendea mama mmoja jirani, Mnubi mwenzetu, mkunga mstaafu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni mjukuu. Kuna maneno hayapiti kwako." Tulipofika kituoni aliomba mambo mawili tu: chumba chenye mlango, na nesi wa kike. Tukapewa, bila ugomvi wowote, kumbe hakuna aliyewahi kuomba. Mimi nikaambiwa nikae nje. Kwa dakika kumi bibi alisema yote ambayo mimi sikuyauliza kwa miezi minne.

Dawa nazo zilipangwa upya. Bahasha ilikuwa imeandikwa 1x2, ambayo kwake ilikuwa hesabu ya shule. Sasa ni kidonge baada ya uji wa asubuhi na kingine baada ya chakula cha magharibi. Kisigino kiliendelea kusafishwa kituoni, nami nikakagua nyayo kila jioni kwa tochi ya simu. Hina ya nyayo tuliiacha. Akakubali ya mikononi tu. Kidonda kilifunga baada ya miezi mitatu hivi.

Ramadhani ndiyo ilikuwa kazi. Nesi alikuwa amemwambia asifunge, naye akaitikia kwa heshima huku moyoni ameshanuia. Mama mkunga hakubishana naye. Alimpeleka kwa shehe wa mtaa, akasomewa aya ya Surat al-Baqara kuhusu mgonjwa na fidia ya kulisha maskini. Maneno yaleyale ya nesi, ila safari hii yalitoka mahali anapopaamini. Kila magharibi akawa anatuma sahani ya chakula, imefunikwa kawa lake zuri kuliko yote, kwa mzee mmoja wa nyuma ya msikiti.

Uji wake wa asubuhi anaunywa chumbani, pazia limeshushwa. Nikibisha hodi anajifanya amelala.