Kumlea Boxer kwenye joto la Tanga

Boxer ni mbwa wa Ujerumani. Alipatikana huko mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuchanganya mbwa wa kuwindia wa Kijerumani na bulldogi wa Uingereza, na pua yake fupi ndiyo itakayokushughulisha kuliko kitu kingine ukimleta pwani. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Pua ikiwa fupi njia ya hewa huwa nyembamba, na hewa yenyewe ya Tanga mwezi Februari imejaa unyevu, basi mnyama anahema sana na kupoa kidogo. Mimi naishi Sahare na mbwa wangu jike, Kusi, na karibu kila ninachomfanyia kinaanzia hapo.

Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, hatoki nje ya ua tangu saa tatu asubuhi mpaka jua lizame. Tunatembea asubuhi na mapema kwenye barabara ya Raskazone, upande wa baharini, lami ikiwa bado imepoa, na tena baada ya magharibi. Banda lake nimeliezeka makuti, kwa sababu chini ya bati angeiva. Mchana analala kwenye ukumbi wa nyuma, sakafu ya saruji, feni ikimpiga. Umeme ukikatika namtandikia gunia la katani lililoloweshwa maji, na yeye mwenyewe analifuata.

Sikukuu moja watoto wa dada yangu walikuja kutoka Muheza, wakacheza naye mpira uani mchana mimi nikiwa kazini. Boxer hajui kusema nimechoka. Niliporudi ulimi ulikuwa umegeuka zambarau, mate mazito yanamning'inia, miguu ya nyuma inayumba. Nilimburuta kivulini nikammwagia maji ya bomba, ya kawaida tu, tumboni, kwapani na katikati ya mapaja, huku mpwa wangu akimpepea kwa ungo. Sikumfunika taulo bichi, maana likishapata moto linalifungia joto ndani. Pumzi ilipoanza kutulia ndipo tukampakia kwenye bajaji, dereva akatukubalia baada ya kutandika mkeka. Daktari wa mifugo alimpima joto, akamtundikia dripu. Akaniambia, "Kaka, ungemleta bila kumpoza kwanza, angekufia njiani." Usiku tulirudi naye.

Jambo la pili ni mate. Sisi ni Waislamu, na majirani zetu vilevile, na Boxer ana mate mengi na tabia ya kuruka kumlaki mtu kwa miguu ya mbele. Kwa mafundisho ya Kishafii tunayoyafuata huku, mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mwalimu wa madrasa ya mtaani alinieleza kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa shamba ana ruhusa, ila nijue wajibu wangu. Jirani yetu mmoja, mtu mzima sana, alinisimamisha tukitoka msikitini baada ya kunijibu shikamoo yangu: "Mwanangu, mimi na huyo mnyama hatuna ugomvi. Lakini mate yake yasinifikie, nina udhu." Nikamwambia, "Haya mzee, nimekusikia."

Basi nikamfundisha. Kila aliporuka nilimgeuzia mgongo, sisemi neno. Miguu yote minne ikigusa chini, anapata dagaa mmoja. Akiruka tena, mgongo tena. Nilimwomba kila anayeingia kwetu afanye hivyohivyo, kwa sababu mmoja akimchekea anaporuka, kazi inaanza upya. Boxer huchelewa kupevuka kiakili, mpaka afike miaka mitatu hivi bado ni mtoto, na ukimpiga anakuwa mkaidi au mwoga. Subira ndiyo iliyomfaa. Leo huyo mzee anapita na kanzu yake ya Ijumaa na Kusi anakaa kitako akimtazama. Mimi nina msuli na fulana za kumshughulikia yeye tu, na haingii vyumbani.

Kutoingia ndani kusieleweke kuwa ni kutengwa. Wengi huku wanataka mbwa wa kufungwa mnyororo mchana na kuachiwa usiku. Boxer hafai maisha hayo, anataka watu, na akiachwa peke yake anasononeka na kutafuna mlango. Baada ya isha nakaa naye kibarazani mpaka usingizi unichukue. Habweki ovyo, na kwa watoto ana uvumilivu unaonigusa moyo, lakini mgeni akifungua geti bila hodi anamkuta amesimama hapo, kifua mbele. Ulinzi wa namna hiyo unanitosha kabisa.

Kupe ndio adui wetu mkubwa baada ya joto. Kila jioni nampapasa masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe huleta maradhi ya damu. Ukiona fizi zimepauka, homa, au damu puani, usingoje kesho. Vidole hivyohivyo vinatafuta uvimbe, kwa kuwa Boxer huandamwa na saratani kuliko mbwa wengi, na ile ya ngozi huweza kufanana na alama ya kung'atwa na mdudu. Nilikuta kivimbe kimoja pajani, kidogo kama kunde. Daktari alikivuta kwa sindano akakipima, kisha akakikata. Kabla ya kumlaza nilimkumbusha kuhusu dawa ya usingizi ya asepromazini, ambayo kwa Boxer inaweza kushusha presha hadi azimie. Akatumia nyingine. Uvimbe haujarudi. Moyo pia husumbua ukoo huu. Mapigo huvurugika na mbwa huanguka ghafla, kwa hiyo kila tukienda kwa chanjo naomba asikilizwe moyo.

Gharama kubwa ni chakula. Ana kilo 28, na ugali wa dona, dagaa, vichwa vya samaki na utumbo vinanigharimu kama shilingi elfu nne hadi tano kwa siku. Mlo naugawa mara mbili na hachezi akishakula, maana mbwa wa kifua kirefu tumbo lake huweza kujaa gesi na kujipinda. Dawa ya kupe ni kila mwezi, chanjo ya kichaa kila mwaka. Kumfunga kizazi kulinitoka pesa nyingi kwa mkupuo, nami niliziweka akiba kidogokidogo.

Wanaoniuliza wapi wapate mtoto wa Boxer, nawauliza kwanza mchana nani anabaki nyumbani. Kisha nawaambia wakamwone mama wa watoto kabla ya kutoa pesa, wakae naye saa moja, wasikilize anavyohema akiwa amelala kivulini. Anayekoroma na kukabwa na pumzi hata akipumzika, mtoto wake asiletwe pwani.