Ekseli Iliyokatika Njia ya Kitulo

Mlio niliusikia kabla sijahisi chochote. Kitu kililia "ta!" chini yangu, pedali zikawa nzito ghafla, tairi la nyuma likaanza kusugua fremu. Nilikuwa nimeshaiacha lami ya Tukuyu pale Isyonje, napanda kuelekea Hifadhi ya Kitulo kwenye barabara ya vumbi na mawe. Ilikuwa Januari 2017, majira ambayo maua ya Kitulo huwa yamechanua, na nilikuwa nimeapa kuyaona baada ya kufika kule kwa baiskeli. Nilishuka, nikaiinua nyuma, nikajaribu kulizungusha tairi kwa mkono. Likagoma.

Wakati ule nilikuwa na kilo 118. Kila fundi niliyempelekea baiskeli ile alianza kwa kunitazama mimi, kisha akanishauri nitafute pikipiki. Spoki tatu zilikuwa zimekatika Novemba, nyingine mbili Desemba, zote za nyuma. Nikanunua ringi mpya nzito, nikaamini yamekwisha. Pikipiki sikuitaka. Nilitaka kuupanda mlima kwa miguu yangu, na sikuona kwa nini uzito wangu uwe kikwazo wakati kila asubuhi pale Uyole watu walinipita na lumbesa la viazi nyuma ya baiskeli ya Phoenix.

Nilirudi mjini juu ya Fuso la viazi, baiskeli imelazwa kwenye magunia. Kesho yake nikaenda kwa fundi ambaye nilikuwa sijawahi kumfikia, mzee wa Kinyakyusa aliyeshughulika zaidi na hizo hizo baiskeli za mizigo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza, "Imekufanyaje, mwanangu?" Hakunipima kwa macho. Aliipindua baiskeli, akafungua tairi, akavuta ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Ikatoka vipande viwili.

Kipande kimoja alikifuta kwa kanga kuukuu akaniwekea kiganjani. "Angalia pale ilipokatikia." Nikaangalia. Sehemu moja ya mkato ilikuwa nyeusi, imeshika kutu na grisi ya zamani. Sehemu iliyobaki iling'aa kama sarafu mpya. "Hiyo nyeusi ni ufa wa siku nyingi," alisema. "Jana imemalizikia tu."

Na ilikatikia upande wa cheni, ndani kidogo, mahali inapokaa koni, nati inayobana gololi. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo miezi yote ile hakuna aliyekuwa amenieleza. Habu yangu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya friwili (fungu la gia za nyuma) ya kukazwa kwa hesi, gia saba. Friwili ya namna ile inakaa nje ya habu, kwa hiyo gololi za kulia zinabaki ndani kabisa, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kitu cha kukishikilia. Alichukua mpini wa nyundo, akaushika kwenye ncha mbili na kuniambia nikandamize katikati. Kisha akasogeza mkono mmoja ndani, akaniambia nikandamize ncha iliyobaki wazi. Nikauona mkono wake unavyopinduka. Mtu wa kilo 60 anaweza kuipanda habu ile miaka mingi. Mimi, juu ya mawe ya Isyonje, nilikuwa naikunja na kuikunjua kila lilipopita shimo.

"Sasa hesabu spoki za ile," akanionyesha Phoenix iliyoegemea ukuta. Mbele 32, nyuma 40. Nikarudia kuhesabu, kwa sababu maisha yangu yote nimeziona baiskeli zile na sikuwahi kujua kwamba tairi zake mbili hazilingani. Yangu ilikuwa na 32 mbele na 32 nyuma, wakati nyuma ndiko uzito mwingi unakokaa.

Nilimuuliza kwa nini ringi nzito niliyoinunua haikusaidia. Akasema ringi ni nusu ya habari. Kwenye baiskeli ya gia, kaseti au friwili inakula nafasi ya kulia, basi spoki za kulia zinasimama karibu wima na kukazwa sana, za kushoto zinalala na kulegea. Gurudumu likizunguka, spoki iliyofika chini inapunguziwa mkazo, ikipanda inarudishiwa. Gurudumu la inchi 26 linazunguka karibu mara 480 kwa kilomita moja, na spoki iliyolegea inacheza kila mara pale kwenye kona yake, inapoingia kwenye habu. Spoki zangu zote tano zilikatikia hapo hapo. Hakuna hata moja iliyokatika katikati.

Tukakubaliana cha kutafuta: habu ya kaseti, ambayo gololi zake za kulia zinakaa mwishoni kabisa karibu na fremu, ya matundu 36, na ringi ya kuta mbili yenye matundu 36 pia. Ya 40 kwa baiskeli ya gia tusingeipata. Kwenye spoki tulitofautiana. Mimi nilikuwa nimesoma kuhusu spoki zinazochongwa nyembamba katikati, milimita 1.8, na kuachwa 2.0 kwenye ncha, kwamba zinavutika kidogo na hivyo kona yake haichoki upesi. Mzee alitikisa kichwa, kwake chuma chembamba ni chuma chembamba. Hadi leo naamini nilikuwa sahihi. Lakini shemeji yangu aliyezunguka Kariakoo kwa niaba yangu hakuzipata, akatuma za 2.0 moja kwa moja, zisizoshika kutu, pamoja na habu ya Shimano Deore. Mzigo ulifika na basi.

Gurudumu lilisukwa Jumamosi nzima. Mzee alisuka kila spoki ipite tatu za upande wake, akaingiza nati za shaba, akakaza robo mzunguko kwa robo mzunguko. Foko kuukuu iliyobanwa kwenye jiliwa ndiyo ilikuwa kipimo chake, na kijiti cha kiberiti kikionyesha ringi inapoyumba. Ringi ilipotulia nikadhani tumemaliza. Akavaa soksi mikononi, akaanza kuzishika spoki mbili mbili na kuzifinya kwa nguvu zake zote. Gurudumu likalia ting, ting, ting. Nilishtuka. "Zinakaa," akasema. "Afadhali zilie hapa." Akanyoosha upya, akafinya tena, mpaka likanyamaza.

Kisha akanifundisha kusikiliza. Akagonga za kulia kwa kucha, moja baada ya nyingine, zikatoa sauti moja, nyembamba. Za kushoto zikatoa sauti nzito zaidi. "Usije ukazilazimisha zilingane na hizi," alisema. "Zilingane zenyewe kwa zenyewe." Nilirudia mwenyewe, nikamwonyesha moja ya kushoto iliyokuwa chini ya wenzake. Akaipa robo mzunguko. Nilifurahi mno. Nilimshukuru kwa Kinyakyusa nilichonacho, ndaga fijo, akacheka.

Wiki mbili baadaye nilitoka Uyole alfajiri na tairi la inchi 2.3 nyuma, nimelijaza upepo vizuri. Isyonje nikakata kushoto. Pale ilipokatikia sikusimama. Ukungu ulikuwa mzito, mashamba ya viazi yakapungua, baridi ikaanza kuuma masikio, na nilikuwa nikitega sikio chini yangu safari nzima. Kulikuwa na mlio wa mawe na mnyororo, basi.

Juu kabisa, ukungu ulipofunguka, nyasi zilikuwa na maua mpaka macho yanapoishia. Simu ilipopata mtandao nikampigia.

"Umefika?"

"Nimefika, mzee."

"Spoki?"

"Hakuna iliyolia."

"Zishikeshike za kushoto kabla hujaanza kushuka."

Niliipindua baiskeli pale kwenye nyasi, nikazigonga kwa kucha zote 18.