Nilivyojifunza kufuma sweta za misuko hapa Mtwara

Watu wakisikia nafuma sweta Mtwara huuliza, za nini na joto lote hili? Wateja ninao. Mtoto mchanga, hata akizaliwa jua likiwaka, atavishwa kofia na sweta. Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli. Na wako wazazi ambao korosho zikishauzwa wanapeleka watoto shule za bweni Njombe na Mbeya, ambako sweta si pambo.

Sweta za kawaida nilikuwa nazifuma tangu zamani. Nilizokuwa sizijui ni zile zenye misuko minene inayopanda kifuani, na ndizo wateja walizokuwa wakinionyesha kwenye simu. Kwa hiyo niliposikia kuna mama anafundisha kwenye karakana moja ya ushonaji mjini, nikajiandikisha.

Fundi wetu ni mtu wa Makete, kaolewa huku. Alitugawia kila mmoja kipande cha spoku ya baiskeli, kimepindwa kidogo katikati, ncha zimesuguliwa kwenye jiwe mpaka hazikwaruzi. Hicho ndicho kisindano cha kushikilia vitanzi. Kile kipindo cha katikati ndicho kinachozuia vitanzi visichoropoke wakati mikono iko kwenye kazi nyingine.

Kanuni yenyewe ni fupi. Msuko wa vitanzi 6 unafumwa kwa mshono wa mbele, ule laini, na pembeni yake kila upande unaweka vitanzi 2 au 3 vya mshono wa nyuma, ule wa vinundu, ili msuko uinuke uonekane. Ukifika mstari wa kuvusha, vitanzi 3 vya kwanza unavihamishia kwenye kisindano, unafuma 3 vinavyofuata, halafu unarudi kufuma vile ulivyoviweka kando. Ukiviacha mbele ya kazi, msuko unalalia kushoto. Ukiviacha nyuma, unalalia kulia. Kisha unafuma mistari ya kawaida, tuseme 5, na kwenye wa 6 unavusha tena. Siku zote unavusha ukiwa upande wa mbele wa nguo.

Kwa maneno ni rahisi hivyo. Kazi iko kwenye kujua umefika mstari wa ngapi. Tulianza na karatasi, kila mmoja anachora alama kila akimaliza mstari. Lakini mtu akiitwa, au umeme ukikatika, au mtoto akilia, karatasi inapotea maana. Aliyetuzidi wote alikuwa mama mmoja wa Mikindani, msukaji wa mikeka, ambaye hata kalamu hakushika. Kwake ilikuwa kama ukili: macho yanaangalia chane ipi iko juu na ipi iko chini, mkono unafuata.

Nikamuuliza fundi, “Mama, yeye anajuaje bila kuandika?”

Akaja akakaa karibu yangu. “Weka karatasi kando, mwanangu. Nguo yenyewe inakuambia. Ingiza kidole kwa nyuma.”

Akaongoza kidole changu. Pale nusu mbili za msuko zilipopishana mara ya mwisho pana upenyo mdogo, kidole kinapita. Kutoka kwenye upenyo huo ukivuta kazi kidogo kwa upana, unaona vijiuzi vilivyolala kama ngazi, kimoja juu ya kingine. Kila kijiuzi ni mstari mmoja. Unavihesabu kwenda juu mpaka kwenye sindano na unajua papo hapo kama ni wakati wa kuvusha au bado. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha ada yote ya mafunzo. Tangu hapo naweza kuiweka kazi wiki nzima, nikairudia bila wasiwasi.

Jambo la pili ambalo fuma ya kawaida haikufundishi: msuko unakula upana. Vitanzi vilivyopandana vinabanana, hivyo vitanzi vilevile 30 vikiwa na misuko vinatoa kitambaa chembamba kuliko vikiwa vitupu. Ndiyo maana baada ya pindo la chini naongeza kitanzi kimoja au viwili chini ya kila msuko, na uzi nanunua zaidi. Kipande cha majaribio siachi kukifuma, hata mteja akiwa na haraka.

Uzi tunaopata madukani hapa mwingi ni wa kiwandani, na kwa unyevu wa pwani unang'ang'ania sindano za mianzi. Za chuma zinateleza vizuri zaidi. Uzi wa pamba ni mzuri kwa mtoto, ila hauvutiki, vidole vitauma kwenye kuvusha, kwa hiyo usifume kwa kukaza. Rangi nayo: nyeusi inaumeza msuko wote. Sweta zilizoufanya mtindo huu ujulikane, za visiwa vya Aran magharibi mwa Ayalandi, ambako wanawake walianza kuzifuma za kuuza mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi ni za rangi ya maziwa, na ukiifuma rangi hiyo unaelewa kwa nini.

Na msuko ukivushwa upande usio wake, huna haja ya kufumua nguo nzima. Fundi alimwonyesha mwenzetu mmoja aliyekuwa karibu kulia. Alifumua vitanzi 6 vya msuko ule tu, akavishusha mpaka pale palipokosewa, akavivusha upya, kisha akavipandisha mstari kwa mstari kwa sindano ya kroshia. Pembeni hakugusa. Vitanzi vikawa vimelegea kidogo, akavivutavuta kwa ncha ya sindano. Akasema vitakaa sawa vikishafuliwa, na kweli vilikaa.

Sasa nafuma sweta ya misuko miwili inayotazamana, mmoja naviacha vitanzi mbele, mwingine nyuma. Ni ya binti anayekwenda bweni Njombe, na mama yake amekubali rangi ya maziwa.