Usingizi wa mama yangu

Ni mwezi wa nane sasa ninaishi na mama yangu hapa Mikindani, na kilichonifunza mengi si kusahau kwake bali namna anavyolala. Daktari alitueleza kwamba ana upungufu mdogo wa utambuzi, hali ambayo mtu husahau kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, ingawa bado anapika, anasali na kuhesabu fedha zake za korosho bila msaada. Hii siyo dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu ashindwe kujitegemea, na si kila aliye na hali hiyo huishia huko.

Nilipoanza kulala chumba kimoja naye ndipo nilipogundua kwamba hukoroma kwa nguvu, kisha pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, halafu hushtuka. Na jambo hilo likijirudia usiku kucha, oksijeni hupungua mwilini na usingizi mzito hukatizwa. Nao usingizi mzito ndio wakati ubongo unapoimarisha kumbukumbu za mchana na kuondoa taka zake, ikiwemo protini ya amiloidi inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni chanzo kikuu cha dimensia. Ninaumia nikikumbuka kwamba kwa miaka tulimnunulia dawa za usingizi bila kumwuliza mtaalamu, ilhali baadhi yake huzidisha usahaulifu kwa wazee.

Sasa analala ubavu, chai hanywi baada ya alasiri, na asubuhi tunatembea ufukweni apate mwanga wa jua, huku tukisubiri kipimo cha upumuaji wake usingizini. Jana alinikumbusha, bila kuulizwa, siku niliyoahidi kumpeleka Newala kwa dada yake.