Forma ya Tisa

Nilikifungua kitabu changu moja kwa moja ukurasa wa 129. Ndio ukurasa nilioulilia kuliko yote wakati wa kuuandika, na nilitaka kuuona kwenye karatasi kabla ya mwingine wowote. Haukuwepo. Baada ya 128 ilikuja 113, ikafuata 114, mpaka 128 kwa mara ya pili, kisha 145.

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwaka 2019, ndani ya kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo. Vitabu vyangu 500 vilikuwa vimepangwa ukutani, bado vina joto la gundi. Alfajiri nilitakiwa niwe stendi ya mabasi ya Ubungo na mabunda ya Mwanza na Arusha, kwa wauzaji wawili walioagiza nakala 100 kila mmoja. Wasomaji wengine 260 walishanitumia pesa kwa simu. Kazi nzima ilikula shilingi milioni moja na laki nane, na zaidi ya nusu yake ilikuwa mkopo wa kikoba, niliodhaminiwa na akina mama wenzangu wa Mbagala ambao hata riwaya hawasomi.

Nilikuwa fundi cherehani, na bado ni fundi. Mchana nashona, usiku naandika kwenye simu. Nilianza kwa kuwatumia wateja wangu wachache kipande kimoja kimoja kupitia WhatsApp, kila kimoja kikiishia na lile neno wanalolichukia na kulipenda: ITAENDELEA. Kundi likajaa watu 256, mwisho wa uwezo wake wakati ule, nikafungua la pili. Vipande vitano kwa shilingi 1,000. Mtu alikuwa anaweza kunipigia saa tano usiku kuniuliza, "Dada mtunzi, kwani umemuua?" Nilipomaliza hadithi nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja. Alinipokea vizuri, akasoma kurasa tatu nikiwa nimekaa mbele yake, akasema ningeleta kitabu cha shule tungezungumza, lakini mapenzi na majini, hapana. Simlaumu sana. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na mtu hawezi kulipa mishahara kwa hadithi ambayo haipo kwenye mtaala. Ila nilitoka pale nikijua wasomaji ninao, tena kwa majina.

Hadithi yenyewe ni ya Kilwa, kwetu. Mara ya kwanza kuvuka na mashua kutoka Masoko kwenda Kisiwani nilikuwa na miaka kumi, nimeshikwa mkono na bibi yangu. Alinipitisha msikiti mkuu, akanipeleka mpaka Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa juu ya jabali katika karne ya 14, akanionyesha birika lenye pembe nane. Limekauka, majani yameota kwenye nyufa. Bibi akasema, "Hapa waliogea watu, lakini siyo watu peke yao." Hakuongeza neno. Ukimwambia mtoto sentensi kama hiyo kisha ukanyamaza, umemwachia kazi ya maisha. Miaka ishirini baadaye nikamwandika binti wa mpiga sarafu, maana Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba, na jini la bahari linaloibuka ndani ya birika lile likiwa limeshika sarafu iliyopigwa na baba yake, sarafu ambayo baba alizikwa nayo. Hapo ndipo binti anapoacha kuogopa na kuanza kupenda. Ukurasa wa 129 hadi 144. Bila kurasa hizo hakuna kitabu.

Mzee aliyekuwa fundi wa mtambo alinieleza kilichotokea. Kitabu cha kurasa 208 ni forma kumi na tatu, kila forma ni karatasi kubwa moja yenye kurasa 16, nane mbele na nane nyuma, inakunjwa mara tatu. Forma zilizokunjwa hupangwa mezani kwa mafungu, vijana wanazunguka meza wakiokota moja moja kwa zamu. Mtu alikuwa ameweka fungu la forma ya nane mahali pa ya tisa. Walipogundua wakabadilisha, ila vilivyokwisha kupita hawakuvirudia. Tulikagua nakala zote 500, moja moja, tukifungua 128 na kutazama kinachofuata. Mbovu zikafika 84. Nzima zilibaki 416, na zilizoagizwa zilikuwa 460.

Mwenye kiwanda alikuja na jibu lake tayari. "Dada, wewe sambaza. Atakayeona kasoro atarudisha, tutambadilishia." Nitasema ukweli: kwa dakika kadhaa nilikubali moyoni. Nilikuwa nimechoka, na mkopo ulikuwa unanihesabia siku.

Yule mzee hakubishana naye. Alichukua nakala moja, akafungua kule mwanzo kabisa, kwenye ukurasa wenye ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu inayoanza na 978-9987, niliyoifuatilia Maktaba Kuu kwa furaha kama cheti cha kuzaliwa. Akaweka kidole chenye wino chini ya mstari wa juu yake.

"Mwanangu, hapa pameandikwa mchapishaji nani?"

"Mimi, baba."

"Basi huyo msomaji hatamtafuta bosi. Atakutafuta wewe."

Nilikuwa nimeuandika mstari ule mwenyewe, nikauona kama sehemu ya mapambo ya kitabu. Usiku ule ndipo nilipousoma.

Karatasi za forma ya tisa zilikuwepo, zimebaki nyingi, hazijakunjwa. Kuvibandua vitabu 84 na kuvigandisha upya kungehitaji majalada mengine, na majalada ya ziada hayakufika hata kumi. Nikamuuliza mzee kama anaweza kunikunjia na kunikatia zile karatasi tu, zibaki vijitabu vya kurasa 16. Akanitazama. "Utavifunga na nini?"

Kwenye pochi yangu kulikuwa na sindano na kibunda cha uzi mwekundu uliobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja wa Temeke. Havikosekani pochini mwangu.

Tukakaa chini. Yeye alikunja, akiusugua kila mkunjo kwa mgongo wa kijiko cha chakula mpaka karatasi ikalala kama imepigwa pasi. Mimi nilitoboa matundu matatu kwenye mkunjo: la kati, la juu, la chini. Unaingia kwa la kati, unatokea juu, unarudi chini, unamalizia pale ulipoanzia, fundo moja, kata. Mwisho tukavipitisha kwenye mashine ya kukatia, kingo zikafunguka. Kila kijitabu nilikiandika kwa kalamu: "Soma hapa baada ya ukurasa wa 128." Nikakichomeka ndani ya kitabu chake.

Saa nane usiku niliandika kwenye makundi yote mawili. Sikupamba. Nilisema vitabu 84 vina kosa, kosa ni hili, nimezishona kurasa zilizokosekana kwa mkono wangu, na nahitaji watu 44 watakaokubali kupokea kitabu cha namna hiyo kwa punguzo la shilingi 3,000. Nikaweka simu kifudifudi nikaendelea kushona, kwa sababu niliogopa kutazama. Adhana ya alfajiri ilipolia nikaigeuza. Waliotaka walikuwa zaidi ya 60. Mmoja, mwalimu wa Muheza, aliandika kwamba punguzo halitaki, anataka tu awe na hakika atapata chenye uzi.

Bajaji ilikuja, vijana wakapakia mabunda. Nilipogeuka kumuaga mzee nikamkuta ameketi chini ya taa, miwani puani, na karatasi moja ya forma ya tisa iliyoharibika mkononi. Alikuwa amekunja 84 usiku kucha na bila shaka macho yalikuwa yanaokota mstari huku na mstari kule.

"Huyu binti," akasema, "mwishowe anarudi nchi kavu, au anabaki na yule bwana majini?"

Nikachomoa kitabu kizima kutoka bunda la Arusha, nikamwekea mapajani. Muuzaji wa Arusha nilimpelekea nakala 99 na yenye uzi moja.

"Anza mwanzo, baba," nikamwambia.

Akakifungua ukurasa wa kwanza. Bajaji ikapiga honi.