Taka za uani kwetu Tabata, Dar es Salaam: kumbukumbu ya mradi, Januari hadi Agosti

Januari: kupima

Uani kwetu tunaishi watu 14, wakubwa kwa watoto, kwenye vyumba vya kupanga vinavyozunguka mwembe mmoja. Taka zote zilikuwa zinaishia kwenye viroba nyuma ya choo zikisubiri gari. Gari likichelewa, kona ya ukuta inawashwa moto jioni na moshi unaingia madirishani. Kabla sijamwomba mtu yeyote abadilishe chochote, nilitaka kujua tunatupa nini hasa. Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayeuza samaki, nikavaa glavu, nikatandika turubai chini ya mwembe na kuchambua taka za wiki nzima.

Jumla ilikuja kilo 41. Kati ya hizo, kilo 26 ni mbichi: maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, maganda ya matikiti na machungwa, ugali uliolala. Pampasi kilo 5. Chupa, makopo, boksi na plastiki ngumu, yaani vitu ambavyo wanunuzi wanapita kuvitafuta mtaani kila siku, kilo 4. Majivu, vumbi la kufagia na mifupa ya samaki kilo 4. Zilizobaki, kilo 2, ni mifuko laini, maganda ya biskuti na paketi za sabuni. Kwa mizani ni kidogo, lakini kwa macho ndizo zilizojaa turubai zima.

Ukigawa, kila mtu anatoa kama kilo 0.42 kwa siku. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka inataja wastani wa kilo 0.46 kwa Afrika kusini mwa Sahara, kwa hiyo ua wetu ni ua wa kawaida kabisa. Kilichonifungua macho ni jinsi taka mbichi zinavyoharibu nyingine zote. Boksi likishalowa maji ya tikiti halinunuliwi tena. Chupa iliyopakaa mabaki ya mboga inaita nzi. Panya hawafuati plastiki, wanafuata ugali. Nikaamua kwamba mradi wote utakuwa na kazi moja ya kwanza: taka mbichi isiingie kwenye kiroba. Mengine yatafuata.

Tabata ina historia yake na jambo hili. Mwaka 1988 wakazi wa hapa, katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi na kunuka milangoni mwao. Wakashinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akagoma, akieleza kuwa hajapata kusikia mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Dampo likaondoka Tabata. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa zinakwenda Pugu Kinyamwezi, ambako nako wanaishi watu wenye watoto na vifua kama vyetu. Ndiyo maana naona sisi wa Tabata tunawiwa zaidi ya wengine kupunguza tunachokipeleka huko.

Februari: masanduku mawili

Mama mwenye nyumba amekubali nitumie kipande cha nyuma, kwa sharti kwamba kisinuke. Nimejenga masanduku mawili ya mbao za paleti ya kuozeshea taka mbichi ziwe mboji, yaani mbolea ya kupandia, kila moja kama mita moja kwenda juu, mita moja upana na mita moja kina. Pungufu ya hapo lundo halishiki joto. Pembeni nimezungushia wavu wa kuku, chini nimeweka matofali na matawi ili hewa ipite. Sanduku moja linajazwa, lingine linaiva.

Kila jiko limepewa ndoo ndogo yenye mfuniko. Anayemwaga ndoo ya mbichi anafunika na ndoo mbili au tatu za kavu: majani ya mwembe, maranda ya fundi seremala wa barabarani (anatoa bure, ukimletea kiroba chako), na boksi zilizochanwa ambazo hazifai kuuzwa. Wadudu wasioonekana wanaofanya kazi ile wanahitaji karibu sehemu 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Majani makavu ndiyo yenye kaboni, mbichi ndiyo yenye naitrojeni. Mbichi zikizidi utasikia harufu kali ya mkojo. Hewa ikikosekana utasikia mayai viza. Pua inatosha kukuambia uongeze nini.

Nyama, mifupa, samaki na mafuta ya kukaangia havimo. Vichwa vya dagaa wanakula paka. Vifuu vinaingia jikoni na mkaa. Majivu naweka konzi moja moja tu, yakizidi yanaharibu uwiano.

Machicha ya nazi yanastahili maelezo yake, maana uani kwetu nazi inakunwa karibu kila siku. Yakimwagwa bonge moja yanashikamana, mafuta yake yanazuia hewa, na katikati yanachachuka yakitoa harufu ya tui lililolala. Lakini ukiyavunjavunja kwa mkono na kuyachanganya na majani makavu, hakuna kitu kinachopandisha joto haraka kama hayo. Sasa akina dada wanayavunja wenyewe kabla ya kuyamwaga, bila kukumbushwa.

Mama yake mpangaji mmoja alikuja kutembea kutoka Matombo, Morogoro. Nilimkuta asubuhi amesimama mbele ya sanduku, mkono mmoja kiunoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hili lundo lako lina kiu. Mwagia maji, halafu chota konzi uikamue. Ikidondosha tone moja, mawili, basi. Ikichuruzika, umezidisha."

Tukamwagia maji yaliyooshea mchele. Baada ya siku chache nikachomeka kipande cha nondo hadi katikati, nikakiacha robo saa, nikakichomoa: hakishikiki. Kwenye nyuzi joto 55 hadi 65 mbegu za magugu zinakufa na vijidudu vingi vya magonjwa pia. Tulipoligeuza kwa jembe uma, mvuke ulipanda na watoto wote wakaja kuangalia. Majani ya mwembe yaliyokuwa magumu kama ngozi yalikuwa yameshaanza kulainika na kugeuka kahawia iliyoiva, yakiwa na utando mweupe mwembamba wa ukungu. Ule utando ni dalili nzuri, usiutoe.

Machi hadi Mei: masika

Mvua ndiyo mtihani wa mradi huu. Lundo likilowa linapoa na linaanza kutoa maji meusi, na hayo yakishuka kwenye mtaro yanakuwa kero ya jirani. Nimefunika masanduku yote mawili kwa bati lililoinama kuelekea kwenye mgomba, na magunia ya maranda yamehifadhiwa ndani mapema, maana masika kitu kikavu ni dhahabu.

Kwa wiki kadhaa gari la taka halikuingia mtaani, barabara ilikuwa tope. Miaka mingine huu ndio wakati ambao viroba vinapasuka, maji yanavichukua mtaroni, mitaro inaziba na nyumba za bondeni zinaingiliwa na maji. Kinachopita kinaishia Mto Msimbazi, na Msimbazi unamwaga baharini pale Daraja la Selander. Safari hii viroba vyetu vilikaa nyuma ya choo vikavu, havinuki, havina funza, vikisubiri. Kwangu hayo ndiyo matokeo makubwa ya mradi hadi sasa, na yametokana na kutoa taka mbichi tu.

Upande wa kavu tumeweka sandarusi tatu ukutani. Moja ya chupa za maji na soda. Nyeupe zinanunuliwa vizuri kuliko za rangi, kwa hiyo tunazitenga na kuzikanyaga ili zisijaze nafasi. Ya pili ni ya plastiki ngumu: ndoo zilizopasuka, madumu, vibakuli, chupa za shampuu. Ya tatu makopo na chuma chakavu. Boksi zinafungwa kwa kamba. Kijana anayenunua anakuja na guta lake, anapima mbele yetu, na hela inakwenda kwenye kibubu cha ua. Kwa hela hiyo tumenunua bati na jembe uma. Kitu nilichokiomba kwa kila mtu ni chupa kusuuzwa kidogo kabla ya kutupwa. Yule kijana anachambua kwa mikono mitupu siku nzima. Hilo ni la heshima kabla halijawa la bei.

Mifuko laini na maganda ya biskuti hayana mnunuzi, kwa sababu mengi ni tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja. Dawa yake ni kutoyaleta nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kapu la ukindu limerudi mkononi mwa watu wengi. Kwa biskuti na sabuni, tunanunua paketi kubwa moja badala ya ndogo kumi pale hela inaporuhusu. Hairuhusu kila mara, na sitamlaumu mtu kwa hilo.

Juni: vinavyoumiza

Mzee wa chumba cha mwisho ana kisukari na anajichoma insulini. Sindano zake zilikuwa zinafungwa kwenye gazeti na kutupwa kirobani. Hili lilininyima usingizi, maana mzoa taka akichomwa anaweza kupata homa ya ini B au virusi vya UKIMWI kwa kazi ya kutusafishia sisi. Sasa sindano zinaingia moja kwa moja kwenye dumu la plastiki ngumu lenye mfuniko wa kuzungusha, limeandikwa SINDANO kwa kalamu nzito. Likifika robo tatu linafungwa kwa utepe wa gundi na mzee analirudisha kituo cha afya anachochukulia dawa. Nyembe zina kopo lake. Dawa zilizoisha muda tunazirudisha hukohuko, hazimwagwi chooni.

Betri za tochi, betri za simu zilizovimba na taa mbovu zile za mirija iliyojikunja zina ndoo yake ya juu, watoto hawafiki. Betri ya simu iliyotobolewa inaweza kuwaka moto. Taa zile zina zebaki kidogo ndani. Ikipasuka, fungua madirisha, toa watoto, usifagie kwa ufagio kwa sababu utaitawanya. Kusanya kwa kipande cha boksi, futa kwa karatasi mbichi, fungia kwenye chupa.

Moto wa ukutani umezimwa kabisa. Plastiki zenye klorini, kama mabaki ya mabomba, zikiungua kwa moto mdogo zinatoa sumu za daioksini, na watoto wetu wanacheza hatua chache kutoka pale. Hakuna aliyebisha. Kitu cha kuchoma chenyewe kilikuwa kimepungua.

Julai: pampasi

Kilo 5 za pampasi ndizo sasa sehemu kubwa kuliko zote ya kiroba chetu. Haziozi, hazinunuliwi, hazifai kuchomwa, na zikitupwa kwenye shimo la choo zinalijaza kabla ya wakati. Ndani yake kuna plastiki na chembechembe zinazonyonya maji na kuvimba. Tuna watoto wachanga wawili uani. Mama mmoja anafanya kazi za zamu, na mimi sina haki ya kumwambia afue nepi usiku wa manane.

Tulikaa, tukazungumza. Walichoamua wenyewe ni nepi za kitambaa mchana, pampasi usiku na safarini. Kinyesi kinamwagwa chooni kwanza, ndipo pampasi inakunjwa na kufungwa. Wadada wengine wamejitolea zamu ya kufua wikiendi. Pampasi zimeshuka hadi karibu nusu. Hapa ndipo mradi ulipoacha kuwa wangu na kuwa wa ua.

Agosti: tulipofika

Mboji ya sanduku la kwanza imeiva. Niliichunguza kwa kufungia konzi moja, mbichi kidogo, kwenye chupa kwa siku chache. Nilipofungua ilinukia udongo baada ya mvua, hapakuwa na uchachu. Nimeichekecha kwa wavu, nikapanda mchicha, bamia na matembele kwenye viroba vilevile vilivyokuwa vya taka. Mbegu za nyanya na papai zilizopona kwenye kingo za sanduku, ambako joto halikufika, zinajiotea zenyewe, nazo tunazihamisha.

Nimepima tena: kinachokwenda kwenye gari ni kilo 7 kwa wiki. Pampasi ni karibu kilo 3, mifuko laini 2, na mifupa ya samaki na vikorokoro vingine 2.

Mama wa genge la kona ananiomba apokelewe mabaki yake: makabichi yaliyolegea, nyanya zilizopasuka, majani ya karoti. Ni mengi kuliko ya ua mzima, na ni mazuri. Kinondoni wanafanya hivyo kwa ukubwa kabisa: kiwanda cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinageuza taka za masoko kuwa mboji. Bonyokwa nako, shirika la Nipe Fagio na ushirika wa wakusanya taka wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua taka zilizokwisha kutengwa. Sisi tunaanza na genge moja. Inahitaji sanduku la tatu na maranda mara mbili ya sasa, na nimeshaongea na fundi seremala wa pili, wa upande wa Segerea. Paleti zinakuja Jumamosi. Nataka zisimame na kuezekwa kabla ya vuli.