Filamu za baba mdogo zilikuwa zinapungua

Mwaka 2019 baba mdogo, aliyekuwa akiishi Tanga, alianza kunipigia simu kuhusu filamu zake. "Mwanangu, juzi ilikuwepo, leo siioni. Na hizi zilizobaki ukibonyeza hazifunguki."

Nilikuwa nimemwekea Xubuntu 18.04, mfumo endeshi wa Linux, kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, nikaiunganisha na televisheni, na Kodi, programu ya kutazamia filamu, ikawa inajifungua yenyewe mashine ikiwaka. Filamu, karibu zote za Kihindi, zilikaa kwenye diski ya nje ya USB.

Tabu ni kwamba nikifika mimi, kila kitu kinacheza. Nafungua diski, nanakili filamu mpya, tunatazama mpaka usiku. Nikiondoka, simu zinaanza upya.

Safari moja nikaamua nisiguse diski kabla ya kusoma logi, yaani faili la kumbukumbu za programu. Naipenda Kodi kwa hili: kila inachofanya inakiandika kwenye kodi.log, ndani ya folda iliyofichwa ya .kodi, na ukiiwasha upya logi ya nyuma inabaki kwa jina la kodi.old.log. Mle ndani, kila faili ambalo njia yake ilianzia /media, folda ambamo diski za nje hufunguliwa, halikupatikana. Nikafungua terminal, dirisha la kuandikia amri, nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Diski ipo, sdb1, ila safu ya MOUNTPOINT, inayoonyesha diski imefunguliwa kwenye folda gani, ni tupu.

Hapo nikaelewa. Pale kwake, diski iliyochomekwa kabla mashine haijawaka ilikuwa haifunguliwi mpaka mtu aibofye kwenye dirisha la mafaili. Mimi nilikuwa naibofya kila nikija. Baba mdogo yeye na rimoti tu, folda azifungulie nini? Kodi ikikosa faili humuuliza mtu kama iliondoe kwenye maktaba, yaani orodha yake ya filamu. Swali lenyewe la Kiingereza, naye akajibu ndiyo, akiamini anairuhusu filamu iendelee. Simlaumu hata kidogo. Diski nzima ikiwa haionekani, swali kama hilo halifai kuulizwa.

Nilichukua UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho, kwa amri ya blkid, nikaongeza mstari mmoja kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa, ili ifunguliwe mashine ikiwaka, mahali pale pale ilipokuwa ikifunguliwa, maana maktaba ya Kodi inakumbuka njia kamili ya kila faili. Kwenye mstari huo nikaweka na neno nofail, linaloruhusu mashine kuwaka hata diski isipokuwepo. Bila neno hilo, siku wajukuu wakichomoa diski mfumo ungeisubiri kama sekunde 90, kisha ungeishia kwenye skrini nyeusi ya dharura, na mzee asingejua pa kuanzia.

Mafaili yenyewe yalikuwa salama; kilichofutwa ni orodha tu. Nikawasha mashine upya, sikugusa kitu, nikampa yeye rimoti. Filamu ikafunguka. Kisha nikaiagiza Kodi ipitie diski upya, na mabango ya filamu zilizopotea yakaanza kujitokeza kwenye skrini moja moja, huku baba mdogo akizitaja kwa majina ya waigizaji.